Gari la Zamani Utakaloweza Kuliendesha Ukifika Miaka 75

Land Rover Series III, ile iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa kawaida haina usukani wa pawa. Klachi yake inataka mguu wenye nguvu, na kiti kiko juu kiasi kwamba unaingia kwa kushika kitu na kujivuta. Mtu wa miaka 45 anaona raha tupu. Akifika 68, goti la kushoto limeshaanza kulalamika, bega halinyanyuki kama zamani, na gari linaanza kubaki bandani wiki mbili, halafu mwezi, halafu miezi mitatu. Gari la zamani likikaa bila kutembea huharibika kwa njia yake: pistoni za breki hugandamana ndani ya silinda, petroli huacha utando ndani ya kabureta, sili za raba hukauka na kupasuka. Siku ya kuliuza, mnunuzi anaona mzigo, na bei anayotaja ni ya mzigo.

Swali linaloulizwa sana ni gari gani la zamani linamfaa mtu mzima. Jibu la mkato, Mercedes W123 yenye gia otomatiki, si baya, na tutalifikia. Lakini kabla ya kuuza ulilonalo au kununua jingine, tenganisha mambo matatu ambayo karibu kila mtu huyachanganya. Kuna ugumu wa uchakavu: gari halikutoka kiwandani likiwa gumu, limekuwa gumu kwa kukosa grisi, kwa bushi zilizokufa na kwa matairi yasiyo ya saizi yake. Kuna ugumu wa kukosa kifaa, kama vile hydrovac ya breki (kifaa kinachousaidia mguu kusukuma breki), usukani wa pawa au kioo cha pembeni cha kushoto, na vingi kati ya hivyo huweza kuongezwa. Halafu kuna ugumu wa umbo: mlango mwembamba, paa la chini, kiti kilichokaribia kugusa barabara. Wa kwanza dawa yake ni fundi makini. Wa pili dawa yake ni fedha. Ni wa tatu peke yake unaodai ubadilishe gari. Inasikitisha kuona watu wanauza gari zuri kwa ugumu wa kwanza, kisha wananunua jingine lenye ugumu wa tatu.

Mlango kabla ya injini

Usianze kwa kufungua boneti. Anza na futikamba. Nyumbani, tafuta kiti cha mbao ambacho unainuka bila kujisukuma kwa mikono, upime kutoka sakafuni hadi pale unapokalia. Hiyo ndiyo namba yako. Kwa watu wengi huwa kati ya sentimita 45 na 50. Kisha nenda kwenye gari, mwambie mtu mwenye uzito kama wako akae, na upime kutoka ardhini hadi ukingo wa kiti kikiwa kimebonyea. Kiti kikiwa chini ya namba yako kwa zaidi ya sentimita 10, kutoka ndani ya gari itakuwa kazi ya mikono na kiuno, si ya miguu. Kikiwa juu ya namba yako kidogo, hapo pazuri: unakaa kwanza ukiangalia nje, halafu unazungusha miguu yote miwili pamoja kuingia ndani. Kikiwa juu sana, kushuka ni rahisi lakini kupanda ni mtihani, na Land Rover na Land Cruiser za zamani ndipo zinapowashinda watu wenye nyonga iliyofanyiwa upasuaji.

Pima na kizingiti: upana wake kutoka ukingo wa nje hadi pembeni mwa kiti, na kimo chake kutoka sakafu ya ndani. Kizingiti kipana kinalazimisha mguu usafiri mbali ukiwa hewani. Pima nafasi kati ya ncha ya kiti na nguzo ya mbele ya mlango, maana hapo ndipo kiatu kinapopita; mwenye goti lisilokunjika vizuri hukwama hapo hapo. Mwisho, angalia paa. Volkswagen Beetle ina paa lililopinda kama kobe, kwa hiyo kichwa lazima kiinamishwe na kuzungushwa kwa wakati mmoja. Mwenye matatizo ya shingo ataona tofauti kubwa kati ya Beetle na Peugeot 504, hata kama viti vyao vina kimo kimoja. Kwa Mini na MGB hakuna la kusema sana. Viti viko chini kwa sababu gari zima liko chini, na hakuna fundi atakayelibadilisha hilo.

Kiti chenyewe kinastahili uangalizi wa karibu, kwa sababu mara nyingi kinachoitwa ugumu wa umbo ni kiti kilichokufa. Piga magoti, uangalie sakafu chini ya kiti cha dereva. Ukikuta unga wa kahawia kama chenga za tumbaku, huo ni mto wa ndani unaomomonyoka. Magari mengi ya Ujerumani ya miaka ya 1960 hadi 1980 yalijazwa manyoya ya farasi au usumba wa nazi uliogandishwa kwa raba, juu ya springi za chuma. Joto na miaka huvunja ile raba, usumba unageuka unga, na dereva anazama sentimita kadhaa, zaidi upande wa mlangoni, kwa kuwa ndipo anapoburura mwili kila akitoka. Matokeo yake uti wa mgongo unakaa upande. Fundi mzuri wa viti hufungua kitambaa, hubadilisha springi zilizokatika, huweka turubai nzito juu yake, halafu sponji ngumu ya daraja la juu. Mwambie asitumie sponji laini ya godoro. Itakuwa tamu dukani na kuzama ndani ya miezi sita. Sentimita 3 au 4 zikirudi, kuna watu huacha kabisa mpango wa kuuza gari.

Hapo hapo niseme kuhusu Peugeot 504. Sifa yake ya viti laini na springi ndefu ni ya kweli, na barabara mbovu inaipita kama mtumbwi juu ya maji tulivu. Lakini ulaini huo unamnyima mtu mahali pa kujisukumia. Kwa mwenye maumivu ya mgongo kwenye safari ndefu, 504 ni rafiki. Kwa mwenye nyonga mbovu anayeingia na kutoka mara kumi kwa siku, kiti chake kinahitaji kukazwa.

Usukani: inua magurudumu kwanza

Mtu akisema usukani wa gari lake ni mzito, fundi wengi hukimbilia kutaja usukani wa pawa. Kuna kipimo cha dakika kumi kinachopaswa kutangulia. Weka gari kwenye sakafu tambarare, funga magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mbao, inua mbele kwa jeki, kisha ulikalishe kwenye stendi mbili imara. Usifanye kazi gari likiwa juu ya jeki peke yake. Sasa zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho kwa vidole viwili.

Ukiwa mzito hata magurudumu yakiwa hewani, basi tatizo liko kwenye viungo, si kwenye muundo wa gari. Fungua kiungo kimoja kimoja na ujaribu kila sehemu kwa mkono. Kwenye Land Rover, mtuhumiwa wa kwanza ni rilei ya usukani, ule mhimili uliofungiwa ndani ya chuma cha mbele cha chesisi. Hukauka oili, hukamatwa na kutu, na dereva huhisi usukani unaokataa kurudi wenyewe baada ya kona. Anayefuata ni boljointi zilizobanwa au zilizokauka, halafu ekseli ya mbele pale gurudumu linapogeukia. Kwenye Beetle zilizotengenezwa kabla ya Agosti 1965 kuna kingipini, yaani pini ambazo gurudumu hugeukia, na zinataka grisi magurudumu yakiwa hewani. Uzito wa gari ukiwa chini hufunga ile nafasi ambayo grisi ilipaswa kupita, kwa hiyo fundi anayepiga bomba la grisi gari likiwa limesimama ardhini anapaka nje tu. Endelea kusukuma mpaka grisi chafu itoke yote na safi ianze kuonekana.

Ukiwa mwepesi hewani lakini mzito ardhini, angalia matairi. Kijana aliyemiliki gari kabla yako huenda aliweka ringi pana kwa ajili ya urembo. Beetle ilitoka na 5.60-15, Land Rover fupi na 6.00-16, Peugeot 504 na 175R14, Mercedes W123 na 175R14 au 195/70R14. Rudi kwenye saizi hiyo, jaza upepo kama kitabu cha gari kinavyosema, kisha upime tena. Angalia pia kipenyo cha usukani. Ukiondoa wa asili wa sentimita 40 na kuweka wa michezo wa sentimita 34, umeongeza nguvu inayotakiwa kwa karibu asilimia 18, bila kugusa kitu kingine chochote.

Ili usidanganywe na hisia, tafuta mizani ya ndoano kama ya wauza samaki. Ining'inize kwenye duara la usukani gari likiwa limesimama, vuta kwa pembe ya mraba mpaka magurudumu yaanze kugeuka, uandike kilo. Pima kabla ya matengenezo na baada yake. Kwa kulinganisha, Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa inataka gari dogo la abiria linalotembea kilomita 10 kwa saa liingie kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 12 kwa nguvu isiyozidi takriban kilo 15. Gari lililosimama litasoma zaidi ya hapo, na gari la zamani halikuundwa kwa kanuni hiyo, lakini inakupa wazo la kiasi ambacho wahandisi wanaona mtu wa kawaida anakimudu.

Baada ya yote hayo ndipo pawa inafaa kuzungumziwa. Siku hizi njia inayopendwa ni mota ya umeme kwenye mhimili wa usukani, iliyotolewa kwenye gari dogo la kisasa. Haihitaji pampu wala oili, na mara nyingi dashibodi haibadiliki kwa nje. Inafanya kazi vizuri. Hatari yake ni moja tu, na ni kubwa: mhimili lazima ukatwe na kuunganishwa. Kubali kiungo chenye meno na boliti ya kubana, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usikubali mhimili uliochomelewa vichochoroni bila mtu wa kuukagua. Weld ya usukani ikiachia kwenye kona, hutapata nafasi ya kujuta.

Mguu wa kushoto, mguu wa kulia

Klachi nzito nayo huwa na historia. Diski inapolika, springi bapa ya sahani ya klachi hubadilika pembe na pedali huwa ngumu zaidi, kwa hiyo klachi iliyochakaa inauma goti kabla haijaanza kuteleza. Kwenye Beetle kuna kebo inayopita ndani ya bomba lililopinda nyuma ya gari. Upinde huo unatakiwa kuwa kati ya milimita 25 na 45, na pedali iwe na uhuru wa milimita 10 hadi 20. Upinde ukizidi, kebo inasuguana na bomba. Ukipungua, klachi inatetemeka wakati wa kuondoka. Kebo mpya, grisi, na kurekebisha vipimo hivyo viwili ni kazi ya nusu siku.

Kama goti la kushoto limechoka kweli, gia otomatiki ni jibu. Ila hakikisha ni la kushoto. Wengi huhamia otomatiki kwa sababu ya nyonga au mguu wa kulia, kisha hushangaa hakuna kilichobadilika, maana mafuta na breki vyote vinabaki kwenye mguu ule ule. Mguu wa kulia ukiwa na ganzi, au ukichelewa kuhama kutoka pedali moja kwenda nyingine, hilo ni suala la daktari na mtaalamu wa fiziotherapia kabla halijawa suala la gari. Hapa hatulegezi: mguu usiosikia pedali hauna gari linaloufaa, la zamani wala jipya.

Breki za zamani zisizo na hydrovac zinategemea mguu peke yake. Kanuni za kimataifa za gari dogo huruhusu hadi kilo 50 hivi za msukumo kwenye pedali wakati wa majaribio. Kijana hutoa nguvu hiyo kwa hofu tu. Mtu wa miaka 72 mwenye baridi yabisi huenda asiitoe. Kwa hiyo gari lenye diski mbele na hydrovac linapewa kipaumbele bila mjadala. Kupima hydrovac ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo, hydrovac inafanya kazi. Isiposhuka, angalia bomba la hewa na vali yake ya kuzuia kurudi nyuma kabla ya kununua hydrovac nyingine. Injini za dizeli hazina mvuto wa hewa wa kutosha kwenye manifoldi, ndiyo maana zina pampu yake maalumu. Kwenye W123 ya dizeli, mfumo huo huo wa hewa hufunga milango na kuzima injini. Ukigeuza ufunguo na gari likakataa kuzimika, bomba limepasuka mahali, na breki zako huenda nazo zimepoteza msaada.

Ukiwa hapo hapo, uliza kama breki zina mizunguko miwili. Magari ya zamani zaidi yana mmoja: bomba moja likipasuka, breki zote zinakwenda. Badilisha oili ya breki kila miaka miwili, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa, na pwani unyevu haukosekani.

Macho na shingo

Mboni ya jicho huwa ndogo na lenzi huwa ya manjano kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo mtu wa miaka 60 na zaidi anahitaji mwanga mwingi kuliko alivyohitaji akiwa kijana. Gari la zamani nalo hutoa mwanga kidogo. Kabla ya kulaumu taa, pima umeme kwenye balbu yenyewe taa zikiwa zinawaka na injini ikizunguka. Betri ikisoma volti 14 na balbu ikasoma 12.5, umeme unapotelea kwenye swichi iliyochoka na waya wembamba. Hasara ya volti kwa asilimia 10 hupunguza mwanga kwa takriban asilimia 30. Fundi umeme aweke rilei mbili za umeme (swichi ndogo zinazoamriwa na swichi nyingine) karibu na taa, waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye betri, fyuzi ya ampia 15 kwa kila rilei, na balbu za H4 za wati 60/55 kama taa inazipokea. Swichi ya zamani inabaki kazi ya kuamrisha rilei tu, nayo itadumu. Balbu za LED zilizochomekwa kwenye taa iliyoundwa kwa waya wa kuwaka hutawanya mwanga hovyo: zinapofua wenzako barabarani na wewe huoni mbali zaidi. Na kama taa za wanaokuja zinakutawanyikia machoni kama nyota, hiyo huenda ni dalili ya mtoto wa jicho. Akithibitishwa na daktari, upasuaji wake ni bora kuliko rilei zozote.

Shingo isiyogeuka inataka vioo vya pembeni pande zote mbili, kwani magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yalitoka na kimoja cha dereva tu, na inataka kamera ndogo ya kurudi nyuma. Hayo ni maongezo yanayoweza kuondolewa bila kuacha tundu baya. Mikanda ya usalama pia: ile ya kizamani isiyojivuta yenyewe humlazimu mtu ajipinde kuirekebisha. Weka inayojivuta, boliti za inchi 7/16 zenye nyuzi laini za UNF, na mahali pasipo na mshiko wa kiwandani pachomelewe bati la kuimarisha. Boliti iliyokaza bati jembamba pekee itang'oka siku inapohitajika.

Sasa, gari gani

Kwa Afrika Mashariki, chaguo halisi ni lile ambalo spea zake zinapatikana Kirinyaga Road jijini Nairobi, ambako wengi bado wanapaita Grogan, au Gerezani karibu na Kariakoo, Dar es Salaam, au soko la Kisekka Kampala. Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililozidi miaka 8, kwa hiyo soko la huko linazunguka magari yaliyokwisha kuwepo nchini.

Mercedes W123 ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1975 hadi mwanzoni mwa 1986, takriban milioni 2.7. Mlango wake ni mpana na unafunguka sana, kizingiti ni cha kawaida, kiti kiko kwenye kimo cha kiti cha nyumbani, na nyingi za miaka ya mwisho zina usukani wa pawa. Kati ya injini zake, 240D ya dizeli ni ngumu kufa lakini ina nguvu za farasi 65 tu, au 72 kwa zile za baadaye. Kwenye mlima wa barabara ya Mombasa au Kitonga, kulipita lori kunahitaji nafasi ndefu sana, na kukadiria nafasi ndiyo kazi inayozidi kuwa ngumu kwa umri. Anayesafiri mbali atafute 300D, dizeli yenye nguvu zaidi. 230E ya petroli ina nguvu za farasi 136 na ni tamu, lakini mfumo wake wa sindano za mafuta hauvumilii gari kukaa miezi bila kuwashwa, na mafundi wenye geji za kuupima si wengi. Kwa mtu atakayeendesha mara moja kwa wiki, dizeli ni salama zaidi.

Otomatiki yake ijaribu ikiwa baridi. Weka D, hesabu: isizidi sekunde mbili kabla ya kushika. Oili iwe nyekundu. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, rudi nyumbani. Lakini ikibadilisha gia kwa kishindo na ni dizeli, usikubali haraka hukumu kwamba giaboksi imekufa. Giaboksi hiyo hupata taarifa ya mzigo wa injini kupitia mvuto wa hewa, na kibomba kimoja cha raba kilichopasuka kinatosha kuleta vishindo vyote. Wapo waliouza gari kwa bei ya kutupa kwa sababu ya kibomba hicho.

Kutu ndiyo muuaji wake wa kweli. Chukua sumaku iliyofungwa kitambaa, pitisha kwenye matao ya magurudumu, sehemu za kuwekea jeki, chini ya betri na kuzunguka kioo cha mbele. Pale sumaku inapolegea pana puti. Gari lililoishi Nyahururu au Arusha litakuwa na chuma kuliko lililoishi Mombasa, Tanga au Unguja, hata kama la pwani lina rangi mpya inayong'aa.

Peugeot 504, iliyozinduliwa 1968, ilifungwa Mombasa kwa miaka mingi, ndiyo maana bado kuna mafundi wanaoijua kwa kuipapasa. Ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, na 404 iliyoitangulia ilishinda mara nne. Usinunue kwa sababu ya ushindi huo. Nunua kwa sababu usukani wake ni wa reki (fimbo yenye meno) na mwepesi kwa gari lisilo na pawa, na kwa sababu inaelea juu ya mashimo. Stesheni wagoni yake, yenye urefu wa mita 2.90 kati ya ekseli dhidi ya 2.74 za saluni, inafaa sana pale kiti cha magurudumu au kitembezi kinapoanza kusafiri na mwenye gari: buti liko tambarare, hunyanyui kitu kuvuka ukingo.

Datsun 120Y na Corolla za mwishoni mwa miaka ya 1970 hazina heshima ya Mercedes mbele ya watu, na hilo ni kosa. Ni nyepesi, usukani haupigani nawe, klachi ni laini, na injini zake fundi yeyote anazifungua. Kwa mama au shangazi mwembamba wa kimo cha wastani anayeishi mjini, Corolla iliyotunzwa itampa miaka mingi kuliko gari kubwa. Viti viko chini kidogo, pima.

Beetle inabaki moyoni mwa wengi, na usukani wake kweli ni mwepesi kwa kuwa injini iko nyuma. Shida yake ni matunzo yanayotaka kuinama. Vali hurekebishwa kila kilomita 5,000, milimita 0.15 injini ikiwa baridi, na unazifikia ukiwa umelala chini ya gari. Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Bomba la petroli la raba liko juu ya injini ya moto, na likilegea kwenye kabureta ndilo huanzisha moto unaoteketeza gari zima. Libadilishe pamoja na klipu zake, usingoje livuje. Mwenye mjukuu anayependa spana aendelee nayo. Asiye naye afikirie.

Land Rover iliyokwisha fanyiwa kazi ya rilei ya usukani, ikarudi kwenye matairi membamba na kuwekewa ngazi ya pembeni na mshikio imara, humbakiza mkulima shambani miaka mingine kadhaa. Baada ya hapo ni umbo, na umbo halitibiki.

Yanayosahaulika

Jaribu kufungua nati za gurudumu kabla ya kulipa. Mashine za wabadilishaji tairi hukaza nati kupita kiasi, na mtu aliyekwama peke yake jioni hatazifungua kwa spana fupi ya gari. Weka bomba la chuma la sentimita 60 hivi kama nyongeza ya mkono, na jeki ya haidroli badala ya ile ya kuzungusha.

Namba ya injini ilinganishwe na logbook au kadi ya gari. 504 na W123 nyingi zimebadilishwa injini, na karatasi hazikufuata. Kosa hilo dogo huwa kubwa siku familia inapotaka kuhamisha umiliki na mwenye gari hawezi tena kwenda ofisini kusaini. Bima kubwa kwa gari la miaka 40 haipatikani kwa urahisi. Tafuta ripoti ya mthamini na picha za gari kila upande kabla ya kuiomba, na thamani iandikwe kwenye mkataba. Hakikisha pia kuna mtu mwingine nyumbani anayeweza kuliendesha. Gari lenye gia za mkono kwenye nyumba ya vijana waliojifunza otomatiki tu litabaki limesimama wiki ambayo mwenyewe amelazwa.

Na majaribio yasiwe ya kuzunguka mtaa. Omba saa mbili. Anza injini ikiwa baridi, maana muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana jambo. Ingia na kutoka mara tano mfululizo. Egesha kinyumenyume kati ya magari mawili. Panda mlima, simama katikati, ondoka tena. Kaa foleni nusu saa vioo vikiwa vimefungwa, unuse kama moshi wa ekzosi unaingia ndani. Kichwa kikianza kuuma, toka. Rudi jioni kidogo ili uone taa. Kisha usiseme bei. Lala, na asubuhi, kabla ya kumpigia muuzaji simu, shuka kitandani polepole na uandike ni kiungo gani kinauma ambacho jana asubuhi hakikuuma.